Majeraha ya Chini ya Boneti: Kinga kwa Dereva na Huduma kwa Majeruhi

Gari la abiria linapanda mlima Kitonga, mkoani Iringa, jua likiwa la utosi. Mshale wa joto umefika kwenye alama nyekundu na mvuke umeanza kutoka mbele ya gari. Dereva anasimama pembeni mwa barabara. Abiria wananung'unika kwamba wanachelewa. Dereva anafungua boneti, anakunja kitambaa kiganjani na kuzungusha mfuniko wa rejeta. Kufumba na kufumbua, mfuniko unaruka, na maji yanayochemka yanamwagika usoni, shingoni, kifuani na kwenye mikono yote miwili. Msamaria mwema anatoa dawa ya meno mfukoni na kumpaka. Majeruhi anafika kituo cha afya saa tatu baadaye, ngozi ikiwa imefunikwa na ukoko mweupe, na hakuna aliyemwagia hata kikombe kimoja cha maji baridi.

Huo ni mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili, lakini hakuna dereva wala muuguzi atakayeuona kuwa mgeni. Makosa mawili yamefanyika: la kwanza ni kufungua kabla ya wakati, na la pili ni kupaka badala ya kupoza. Yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni haraka. Makala haya yanaeleza namna ya kufungua na kufunga boneti kwa usalama wakati wa ukaguzi wa kawaida wa gari, na namna ya kumhudumia aliyejeruhiwa, tangu barabarani hadi hospitalini.

Kwa nini maji ya rejeta huruka

Katika usawa wa bahari maji huchemka yakifika nyuzi joto 100 za Selsiasi. Mijini kama Mbeya, iliyo juu kwa takriban mita 1,700, huchemka kwenye nyuzi zipatazo 94. Injini ya gari hufanya kazi katika joto la karibu nyuzi 90 hadi 105, na ikichemsha huvuka hapo. Ili maji yasigeuke kuwa mvuke wote, mfuniko wa rejeta hufungwa kwa springi inayoyaweka chini ya shinikizo. Shinikizo hilo hupandisha kiwango cha kuchemka, na kwa mchanganyiko wa maji na kipoozeo kiwango hicho huweza kufika nyuzi 120 au zaidi. Ndiyo maana maji yaliyomo ndani huonekana yametulia, ilhali yana joto lililopita lile la sufuria inayotokota jikoni.

Mfuniko unapofunguliwa, shinikizo huondoka ghafla. Sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo huyasukuma yaliyobaki kuelekea nje kwa nguvu. Maji ya nyuzi 60 tu yanatosha kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa kina katika muda wa takriban sekunde 5. Maji ya rejeta hayahitaji hata sekunde moja. Kitambaa kilichoshikwa mkononi si kinga: kikishalowa hubana maji ya moto kwenye ngozi na kuongeza madhara.

Jambo moja linafaa kukumbukwa na kila mwenye gari: kwa ukaguzi wa kila siku, mfuniko wa rejeta hauhitaji kufunguliwa kabisa. Magari mengi yana chupa ya akiba ya plastiki inayoonyesha ujazo wa maji kwa alama mbili, ya chini na ya juu. Mtu huangalia kwa macho, bila kugusa. Yapo magari ambayo chupa hiyo nayo imo ndani ya shinikizo, kwa hiyo mfuniko wake pia hufunguliwa injini ikiwa baridi tu.

Kufungua boneti hatua kwa hatua

1. Gari lisimamishwe mahali tambarare, mbali na njia ya magari mengine. Breki ya mkono ivutwe, gari liwekwe kwenye gia ya kuegesha au gia ya kwanza, injini izimwe na ufunguo utolewe.

2. Injini iachwe ipoe. Kwa ukaguzi wa kawaida, wakati bora ni asubuhi kabla ya safari, injini ikiwa imelala baridi usiku kucha. Kama gari limetoka kutembea, ingoje nusu saa au zaidi. Kama limechemsha na mvuke unatoka, boneti isiguswe hadi mvuke ukome wenyewe.

3. Pete, saa na bangili zivuliwe. Ncha za mtandio, tai na mikono mipana ya nguo zifungwe, na nywele ndefu zikusanywe nyuma. Watoto wasimame mbali.

4. Kishikio cha kufungulia boneti, ambacho aghalabu huwa chini ya usukani, kivutwe. Boneti itainuka kidogo tu, kwa sababu bado imeshikwa na ndoano ya usalama.

5. Kabla ya kuingiza vidole chini ya ukingo wa mbele, kiganja kipitishwe juu ya bati bila kuligusa ili kupima joto. Likiwa la kuunguza, ni dalili ya kuendelea kusubiri. Likiwa salama, ndoano itafutwe kwa ncha za vidole na kusukumwa, kisha boneti iinuliwe kwa mkono mwingine.

6. Fimbo ya kushikilia ipachikwe kwenye tundu lake na itikiswe kidogo kuhakikisha imekaa. Kama gari linatumia mikono ya gesi badala ya fimbo, izingatiwe kwamba mikono hiyo huchoka kadiri miaka inavyopita, na boneti yaweza kushuka ghafla. Upepo mkali nao huweza kuiangusha.

Basi dogo la aina ya Toyota HiAce, linalotumika sana kama daladala, linahitaji tahadhari ya peke yake. Injini yake imo chini ya viti vya mbele, na huifikii bila kuinua kiti. Mvuke ukitoka hapo huingia moja kwa moja walimoketi watu. Kwa hiyo abiria wote, akiwemo aliyeketi mbele na mtoto, washuke kwanza, milango iachwe wazi, na kiti kisiinuliwe hadi injini ipoe.

Hatari nyingine zilizomo

Feni inayoendeshwa kwa umeme inaweza kuanza kuzunguka ghafla hata injini ikiwa imezimwa, endapo kipima joto kitaiamuru. Vidole visiingizwe kati ya mapanga yake kwa sababu yoyote. Mkanda unaozunguka nao hukamata nguo na vidole, hivyo marekebisho yafanywe injini ikiwa imezimwa.

Betri ina asidi ya salfuriki inayokula ngozi na macho. Inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo cheche moja au sigara iliyowashwa inatosha kuilipua. Pete ya chuma ikigusa ncha ya betri na bodi ya gari kwa pamoja hupitisha umeme mwingi, ikawa nyekundu ndani ya sekunde chache na kuunguza kidole kwa mzunguko mzima. Anayeondoa betri aanze na waya wa hasi, na anapoirudisha amalizie na huohuo.

Kipoozeo kina ethilini glikoli, kimiminika chenye ladha tamu na sumu kali. Kosa kubwa la majumbani ni kukihifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Mtoto akikinywa, mwanzoni huonekana kama mlevi, kisha hupumua kwa kina na kwa kasi, na baada ya siku moja hadi tatu figo zaweza kushindwa kufanya kazi. Asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, hata kama bado anaonekana mzima.

Kufunga boneti

Majeraha ya kufunga huonekana madogo, lakini ncha ya kidole iliyobanwa huweza kumnyima fundi kazi kwa wiki kadhaa. Kwanza, vitambaa na zana zote zitolewe, mifuniko yote ikaguliwe, na aliye karibu aambiwe kwa sauti kwamba boneti inafungwa. Fimbo irudishwe mahali pake huku mkono mmoja ukiishikilia boneti. Ishushwe taratibu hadi ibaki nafasi ya takriban sentimita 20 hadi 30, kisha iachiwe ianguke kwa uzito wake. Viganja visiwe kwenye ukingo. Mwisho, ukingo wa mbele uvutwe juu kidogo: ukiinuka, haijajifunga. Boneti isiyojifunga inaweza kuruka gari likiwa kwenye mwendo na kuziba kioo chote cha mbele, ikamwacha dereva gizani.

Huduma ya kwanza kwa aliyeungua

Kazi ya kwanza ni kuliondoa joto kwenye ngozi, kwa sababu ngozi huendelea kuungua hata baada ya maji ya moto kumwagika chini. Majeruhi aondolewe karibu na gari. Nguo zilizolowa zivuliwe, isipokuwa zilizoganda kwenye ngozi, na pete zitolewe kabla vidole havijavimba. Kisha sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi yanayotiririka, ya ubaridi wa kawaida, kwa dakika 20. Hatua hii huleta faida hata ikianza ndani ya saa tatu baada ya kuungua. Ni dawa ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Barabarani, maji ya kunywa ya abiria yatafaa: yamiminwe kidogokidogo, au kitambaa safi kilowekwe na kubadilishwa mara kwa mara. Barafu isitumike, maana huongeza uharibifu. Wakati sehemu iliyoungua inapozwa, mwili uliobaki ufunikwe, hasa kwa mtoto, ili asipatwe na baridi kali.

Baada ya kupoza, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, au nailoni safi ya kufungia chakula, bila kukaza. Malengelenge yasipasuliwe. Dawa ya meno, yai bichi, unga, majivu, mafuta ya kula na mafuta ya taa visipakwe. Baadhi yake hubakiza joto ndani, mengine huingiza vijidudu, na yote huficha jeraha asilione mhudumu. Kuyasugua ili yatoke kunamuumiza mgonjwa mara ya pili.

Asidi ikimwagikia ngozi, nguo zivuliwe na maji mengi yatiririshwe kwa dakika 30 au zaidi. Ikiingia jichoni, muda ni uleule, kope zikiwa zimefunuliwa kwa vidole na maji yakielekezwa upande wa nje, ili yasiingie kwenye jicho zima. Kuosha kuanze palepale gereji, kabla ya kutafuta usafiri. Asidi isijaribiwe kuzimwa kwa magadi, maana kemikali hizo zikikutana hutoa joto.

Kidole kilichokatika kifungwe katika gozi safi iliyoloweshwa kidogo kwa maji ya chumvi ya hospitali au maji safi, kitiwe katika mfuko wa nailoni, na mfuko huo uwekwe ndani ya chombo chenye maji na barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu.

Kwa watoa huduma za afya

Mgonjwa aliyemwagikiwa usoni apimwe njia ya hewa kabla ya jambo lolote. Sauti iliyokwaruza, mkoromo wakati wa kuvuta hewa, au uvimbe wa midomo na ulimi ni dalili kwamba njia ya hewa inaweza kuziba katika saa chache. Asisubiriwe azidiwe. Macho yachunguzwe mapema, kabla kope hazijavimba na kufunga, kwa matone ya fluoresini ili kuona michubuko ya konea. Kwa aliyeingiwa na asidi, kipimo cha litmasi kirudiwe na kuosha kuendelee hadi machozi yarudi katika hali ya kawaida.

Eneo lililoungua likadiriwe kwa kanuni ya tisa: kwa mtu mzima kichwa na shingo ni asilimia 9, kila mkono 9, mbele ya kiwiliwili 18, nyuma 18, kila mguu 18, na sehemu za siri 1. Kwa majeraha yaliyotawanyika, kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1. Wekundu mtupu usio na lengelenge usihesabiwe. Kosa hilo hukuza hesabu na kumjaza mgonjwa maji kupita kiasi.

Mtu mzima mwenye zaidi ya asilimia 15, au mtoto mwenye zaidi ya asilimia 10, anahitaji maji ya mshipani. Kianzio kinachotumika kwa mtu mzima ni mililita 2 hadi 4 za Ringer laktati kwa kila kilo ya uzito kwa kila asilimia iliyoungua katika saa 24. Nusu hutolewa katika saa 8 za kwanza, zikihesabiwa tangu saa ya kuungua, si saa ya kufika kituoni. Tuseme dereva wa kilo 70 ameungua asilimia 20 saa nne asubuhi na kufika saa saba mchana. Kwa mililita 2, jumla ni 2 × 70 × 20, yaani mililita 2,800. Nusu yake, 1,400, iishe kufikia saa kumi na mbili jioni. Zimebaki saa 5, hivyo kasi ni mililita 280 kwa saa. Baada ya hapo kiongozi ni mkojo: kwa mtu mzima takriban mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, ambazo kwa dereva huyu ni 35. Ukipungua, maji yaongezwe; ukizidi sana, yapunguzwe.

Maumivu yatibiwe mapema na kwa kipimo cha kutosha, ikiwemo morfini inapohitajika. Kinga ya pepopunda ikaguliwe kwa kila jeraha, hata dogo. Dawa za kuua bakteria hazitolewi kwa kinga tu. Zingojee dalili za maambukizi.

Rufaa ifanyike kwa majeraha ya uso, mikono, miguu, viungo au sehemu za siri, yale ya kina, yanayozunguka kidole au mkono mzima, ya asidi au umeme, na kwa wajawazito na wenye magonjwa sugu. Jeraha la mkono halipimwi kwa ukubwa wake. Asilimia 2 kwenye viganja vya fundi ni jambo zito kuliko asilimia 2 mgongoni.

Wiki zinazofuata

Kovu hukaza. Mkono uliofungwa vidole vyote pamoja na kuachwa umelala huweza kupona ngozi yake na kupoteza kazi yake. Kwa hiyo kila kidole kifungwe peke yake, mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo siku za mwanzo, na mazoezi ya kukunja na kukunjua yaanze mapema kadiri daktari na mtaalamu wa fiziotherapia watakavyoelekeza. Aliyeungua mbele ya shingo alale bila mto, ili kidevu kisivutwe na kovu kuelekea kifuani. Mgonjwa aambiwe wazi kwamba mazoezi yatauma kiasi, na kwamba kuyaacha ndiko kunakogharimu zaidi: dereva asiyeweza kufumba kiganja hawezi kushika usukani. Ngozi mpya ikingwe na jua. Arudi haraka akiona homa, usaha, harufu mbaya, wekundu unaosambaa au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Kidonda kisichofunga baada ya wiki mbili hadi tatu kionwe na daktari wa upasuaji, maana huenda kikahitaji kupandikizwa ngozi.

Hitimisho

Turudi Kitonga. Dereva yuleyule angezima injini, akawashusha abiria wakae kivulini, akaacha boneti imefungwa hadi mvuke ukome na injini ipoe, safari ingechelewa kwa muda mfupi. Na hata kama ajali ingetokea, dakika 20 za maji baridi kutoka kwenye chupa za abiria zingepunguza kina cha jeraha kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana. Anayesubiri nusu saa kando ya barabara hujiepusha na wiki nyingi wodini. Abiria anayenung'unika naye ana sehemu yake katika somo hili: amwache dereva asubiri.